Gari ya zamani: kipi uache orijino, kipi ubadilishe

Kama umerithi gari ya zamani, au umeikuta imelala chini ya mwembe kwa mtu huko Bombo ukakosa usingizi mpaka ukailipia, naomba wiki ya kwanza usifanye kitu. Usiite fundi, usinunue rangi, using'oe hata skrubu. Fukuza kuku na panya, osha na maji na sabuni ya kawaida, alafu chukua simu upige picha. Nyingi. Mia mbili wala si nyingi. Kila waya unapoingia, kila hosi, chini ya zulia, ndani ya buti, nyuma ya dashibodi mpaka shingo ikuume. Siku fundi akikuambia "mi niliikuta hivi hivi" utakuwa na cha kumwonyesha.

Mi sikupiga hata moja.

Yangu ni Peugeot 404 ya 1967, ilikuwa ya mjomba. Mjomba alibeba nayo abiria Kampala na Arua miaka ile ukishavuka Karuma ni vumbi tu mpaka unafika, ilipomshinda akaipaki nyuma ya nyumba, mi nikaichukua nikiwa na pesa kidogo na kiherehere kingi. Nikaipeleka kwa fundi mmoja, gereji siitaji, akafungua boneti akachungulia dakika tano, akasema injini imekufa, bloku imeliwa, hakuna wa kuitoboa tena silinda zipanuke, weka ya Toyota utaniombea dua. Nikakubali siku hiyo hiyo.

Sasa sikiliza kilichofuata. 404 haina propela ya kuning'inia kama ya Corolla za zamani, shafti yake inapita ndani ya bomba la chuma lililofungwa toka gia boksi mpaka difu ya ekseli ya nyuma, kitu kimoja kizima. Ukitoa injini ya Peugeot ukaweka ya Toyota na gia boksi yake, lile bomba halina pa kushika, kwa hiyo linakatwa, likikatwa difu nayo haina kazi, inatafutwa difu ya Toyota, nayo inakuja na rimu zake na breki zake na kebo yake ya hendibreki, gia iliyokuwa kwenye usukani inahamia chini kwa hiyo sakafu inatobolewa, spidomita inakufa, na kila hatua kuna "boss, ongeza kidogo". Mwisho wake nilikuwa naendesha Corolla iliyovaa kanzu ya Peugeot. Injini ya mjomba ilishauzwa kwa kilo, kwa watu wa skrapu.

Na kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Ile injini, ya 1618 cc, imelazwa upande nyuzi 45, ni ya slivu zinazochomoka, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni zinapanda na kushuka. Huitoboi! Ikichakaa unachomoa slivu nne za zamani, unaingiza nne mpya na pistoni zake na sili za chini, bloku inabaki ile ile. Yaani haikuwa imekufa, ilikuwa na mafua.

Aliyenitoa hapo ni Hajji mmoja wa Katwe, mzee wa magari ya Kifaransa. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo.

"Asalaam aleikum Hajji."

"Waaleikum salaam kijana wangu. Umeleta mgonjwa au umeleta maiti?"

"Sijui Hajji, nakuachia wewe."

Akazunguka gari mara moja, akainama akaona lile bomba lililokatwa, akasimama. "Mgonjwa. Ila daktari wa kwanza alikuwa muuza nyama." Ikanichukua miaka minne kuirudisha, manake ilibidi nitafute 404 pikapu iliyooza bodi lakini moyo wake mzima. Haya ninayokuandikia mengi ni ya Hajji, mengine ni ya kujikwaa.

Jua una nini kwanza

Fungua logbook uisome kweli, usiishie kwenye jina. Namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, mwaka. Linganisha na kibao cha chuma kwenye gari na namba iliyogongwa kwenye bodi. Zikipishana ujue kuna mtu alishafanya kitu kabla yako, inaweza kuwa halali kabisa lakini ujue kabla hujaweka pesa. Hicho kibao usikubali king'olewe wakati wa kupuliza rangi, kifunikwe na masking tepu hapo hapo kilipo, manake vikishang'oka huwa "vinapotea" na gari bila kibao chake ni kama mtu bila kitambulisho.

Kuna shirikisho la dunia la magari ya kale, FIVA, lipo tangu 1966. Wao gari ya kihistoria wanataka iwe na miaka 30 kwenda juu, iwe imetunzwa katika hali inayolingana na historia yake, na isiwe ya kupandia kila siku. Kwa miaka peke yake Corolla kibao zinazokodishwa hapa mjini zimefaulu mtihani, hicho cha kila siku ndo kinazikata. Yangu naendea sokoni Jumamosi, wanisamehe. Ila wana hati yao ya 2012, wanaiita ya Turin, na jambo moja la mle nimelichukua mzima mzima: bora kutunza kilichopo kuliko kukifanya upya, na ukibadilisha kitu kiwe kinaweza kurudishwa na kiwe kimeandikwa.

Kwa lugha ya gereji inakuwa hivi. Kabla hujabadilisha kitu jiulize: nikichoka nacho, naweza kukitoa Jumamosi moja gari ikarudi ilivyokuwa? Kama ndio, na kile kilichotoka unakiweka, endelea wala usiombe ruhusa ya mtu. Kama kinataka grainda, gesi au kutoboa bodi, lala kwanza. Lala wiki nzima.

Kuna jamaa watakubishia hata plagi lazima iwe ya chapa ile ile ya kiwandani. Hao wengi gari zao hazitoki getini. Na kuna wa upande wa pili, wanaweka rimu za inchi 18 kwenye gari iliyozaliwa na tairi nyembamba za 165, inabidi wakate matao ya magurudumu, usukani unakuwa mzito kama wa lori alafu wanashangaa mabeyaringi yanalia. Mi sipo huko wala huku. Vitu vya kuisha, yaani plagi, hosi, mikanda, bushi, shokomzoba, breki shu, hivo badilisha bila dhambi yoyote, hata kiwandani walijua vitaisha.

Breki, usijifanye mtakatifu

Magari mengi ya miaka ile breki zote nne ziko kwenye laini moja. Hosi moja ikipasuka, umebaki na hendibreki na dua. Kampala ni milima, na boda wanakatiza mbele yako bila kukuuliza, kwa hiyo hapa orijino naiweka pembeni: tafuta masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, ya laini mbili inayokaa kwenye matundu yale yale ya zamani, au kwa kibati cha katikati cha kuunganisha, mafuta ya mbele yatengane na ya nyuma. Kwa macho hakuna anayeona. Ile ya zamani isafishe uiweke. Na maji ya breki yabadilishe kila miaka miwili hata kama gari haikutembea, yanavuta unyevu yenyewe yakiwa yamekaa.

Mikanda ya viti nayo weka, ila usifunge kwenye bati tupu la sakafu. Tafuta sehemu nene, kwa chini weka pleti ya chuma pana kama kiganja. Hapo utatoboa, ndio, na mi nimetoboa.

Umeme

Kabla hujagusa waya wowote angalia betri ni upande gani umefungwa kwenye bodi. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 na Waingereza wenzake ni ncha chanya ya betri ndo imefungwa kwenye bodi, kinyume na tulivozoea. Ukiweka altaneta ya kawaida, mashine ya kuchaji betri, bila kujua hilo, diodi zinaungua hapo hapo, hata moshi hausubiri.

Dainamo, iliyokuwa ikichaji kabla ya altaneta, injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma gari imesimama, haichaji kitu. Zamani sawa, barabara ilikuwa wazi. Sasa kaa kwenye jamu ya Jinja Road saa moja usiku, taa zimewaka, waipa zinapiga, uone taa zinavofifia kama mshumaa wa kijijini. Altaneta ndogo inakaa pale pale pa dainamo kwa breketi ya kufunga na bolti. Ndogo nasema, usiende kuokota ile kubwa ya Prado huko kwa wauza spea wa Kisekka, manake waya za 1967 hazikutengenezwa kubeba moto huo na geji ya ampia kwenye dashibodi itaungua. Waya ya kuchaji iongeze unene, weka fyuzi, basi.

Pointi za distributa, vile vibati vinavyokata na kuunganisha umeme wa plagi, unaweza kuziacha, mi mwaka mzima nilitembea nazo, unasafisha na msasa laini unapima nafasi kama milimita 0.4 unaendelea. Ila zipo za elektroniki zinazokaa ndani ya distributa ile ile, kifuniko kinarudi juu, kwa nje huoni tofauti. Hiyo ndo badiliko ninayoipenda kuliko zote, ila pointi na kondensa viache kwenye dashibodi na bisibisi, siku elektroniki ikifa ukiwa Luwero usiku utanikumbuka.

Joto na petroli

404 ina feni ya ajabu kidogo. Haizunguki muda wote, ina sumaku ya umeme, injini ikipata joto swichi inawasha sumaku, sumaku inashika feni. Mafundi wengi wakiona haizunguki wanaifunga kwa bolti izunguke milele, na ya ile pikapu tulivoifungua tulikuta hivo hivo. Wala haikuwa mbovu, ni kibrashi cha kaboni kimeisha, kitu cha kuchonga na msasa toka brashi ya sitata kikaingia. Kabla hujasema "mfumo wa zamani haufai" uhakikishe kwanza unafanya kazi kama walivoutengeneza. Nusu ya mabadiliko ninayoona mtaani ni kutibu ugonjwa ambao haukuwepo.

Ukitaka feni ya umeme ya kusaidia kwenye jamu, iweke mbele ya radieta kwa matundu yaliyopo. Radieta yenyewe iwe ya shaba ile ile, kaisafishe ndani kwa watu wa radieta, usiibadilishe na ya plastiki.

Petroli ya risasi iliondoka Afrika yetu hii ya kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Hapo wenye Morris Minor wana kazi, siti za valvu zimechongwa kwenye chuma chenyewe cha hedi, bila risasi zinaliwa pole pole, kwa hiyo siku ukifungua hedi pachika siti ngumu, ni badiliko la ndani, halionekani na halina madhara. Peugeot hedi ni ya aluminiamu na siti zilishapachikwa toka mwanzo, Beetle vile vile, msihangaike.

Na kitu wengi hawafikirii: Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, Kabale ndo zaidi, karibu 2,000. Hewa nyepesi. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya Ulaya tambarare huku inamwaga petroli kuliko hewa, plagi zinakuwa nyeusi kama sufuria ya mkaa. Badilisha jeti kuu, kile kitundu cha kupitishia petroli, uweke inayofuata kwa udogo, orijino ifunge kwenye karatasi uandike jina. Dakika ishirini na gari inabadilika. Kabureta ya Toyota achana nayo.

Oili ya difu

Hii naisema peke yake manake imeua Peugeot nyingi. Siku ile Hajji alifungua plagi ya difu ya ile pikapu, akachovya kidole, akakisugua na kidole gumba, akanusa. Akaninusisha na mimi.

"Unasikia nini?"

"Kama kiberiti."

"Ni kiberiti. Nani kaweka oili ya lori humu?"

Difu ya 404 ndani haina meno kama ya difu ya kawaida, ina skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba. Zile oili nzito zilizoandikwa EP, za kubeba presha kubwa, nyingi zina salfa, ndo hicho kiberiti, nayo inakula shaba. Mwanzoni huko Peugeot walitumia oili ya mbarika kabisa. Kwa hiyo usimwachie kijana wa pampu aweke "ya gia", fuata kitabu cha gari, tafuta isiyo na EP. Tuliimwaga ile, tukaangalia chini ya beseni, kulikuwa na unga wa dhahabu dhahabu umetulia. Ndo shaba yenyewe hiyo. Bahati ilikuwa bado kidogo.

Rangi na bodi

Chukua sumaku ndogo, ifunge kwenye leso isikwaruze, ipitishe taratibu kwenye milango, chini ya milango, kwenye matao, chini ya kioo cha mbele. Inaposhika vizuri kuna bati, inapoteleza kuna puti ya kujazia. Weka alama na chaki. Gari yangu upande wa dereva ulikuwa chaki tupu kama ubao wa shule.

Alafu tafuta rangi ya kwanza. Iko chini ya dashibodi, nyuma ya makadi ya milango, chini ya tairi la spea, jua halikufika huko. Na kabla hujapuliza upya jaribu kitu kimoja: kipande kidogo cha paa, msasa wa maji wa 2000, mkono mwepesi, kisha kompaundi na kitambaa. Mara nyingi ile rangi uliyoiona imekufa imelala tu. Rangi ya kiwandani iliyochoka kidogo, mi naona inashinda mpya inayong'aa kama sahani, manake mpya mtu yeyote anaweza kuinunua, ya 1967 haiuzwi tena. Kilichooza kata, chomelea bati jipya, usifukie kutu kwa puti. Palipo pazima paache.

Sasa, orijino ya wapi?

Hapa ndo natofautiana na wengi. Chini ya injini ya 404 yetu kuna kinga ya sampu, lile beseni la oili la chini ya injini, pleti nene ya chuma iliyochomelewa Katwe kwa mkono, welding zake kubwa kubwa kama viwavi. Kiwandani haikutoka nayo. Mtu wa vitabu atasema itoe. Ila 404 ilikuwa imeshinda Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, 1963, alafu 1966, 1967 na 1968, na miaka hiyo rali ilikuwa inapita mpaka huku Uganda, 1963 na 1968 kila mara magari saba tu ndo yalimaliza. Watu waliona kinga za chini za yale magari, madereva wa abiria wakaenda Katwe wakasema nitengenezee kama ile. Mjomba ni mmoja wao. Anasema ilimwokoa mara mbili kwenye mawe ya njia ya Pakwach. Hiyo pleti ni historia ya gari kuliko nembo ya simba kwenye boneti. Nimeipiga brashi ya waya nikaipaka rangi, imerudi mahali pake.

Kwa hiyo ukikuta kitu cha ajabu kwenye gari, kabla hujakitoa uliza nani alikiweka na lini. Keria ya juu ya kubeba matoke, springi iliyoongezwa, maandishi ya steji mlangoni. Badiliko la wakati ule wa kazi yake lina haki ya kukaa. Badiliko la juzi la fundi mvivu halina. Kama wazee wapo waulize sasa, mi kuna mengi nimechelewa kuuliza.

Kama injini kweli imekufa

Inatokea, bloku imepasuka, hakuna nyingine. Hapo anza na ukoo wake. Peugeot 504 za mwanzo zina injini ya 1796 cc ambayo ni ndugu na ya 404, na 504 ziliunganishwa Kenya mpaka 2004, kwa hiyo vitu vyake bado vinapatikana kwa kuhangaika kidogo. Gari za nje usizitegemee kwa spea, tangu 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza yenye miaka 15 na zaidi, kwa hiyo hiyo uliyoiona imeoza kwa jirani ndo stoo yako, nenda kaongee na mwenyewe kabla ya watu wa skrapu.

Na kama ni Land Rover ya shamba huko Kiryandongo, inavuta maji na mahindi, injini imepasuka na mwenye nayo anataka dizeli ya Toyota, mi simkatazi, gari ya kazi ifanye kazi. Namwambia tu fremu isikatwe, maunti ziwe za bolti, injini ya zamani imwagiwe oili kwenye silinda ifungwe turubai. Na logbook ibadilishwe isomeke injini mpya, manake siku polisi au mnunuzi atakapolinganisha namba itakuwa maneno mengi.

Nunua daftari la shule, lile la kurasa 96. Kila kitu kilichotoka na kilichoingia, tarehe, nani alifanya. Na vilivyotoka viwekee sanduku, kila kimoja na kibandiko chake. Dainamo yangu iko chini ya kitanda ndani ya gunia, naizungusha kwa mkono kila mwezi isigande, na mama watoto kashaniuliza mara mbili ile inalala pale kama nani.